Leso Nyeupe

Miaka kumi na minane hakuna aliyetaka Mzee Shebe apige gitaa mbio. Walilalamika kwamba anawaumiza kichwa, wakamwachia nyimbo za polepole, mpaka ncha za vidole zikalainika kama za mtoto mchanga.

Alasiri hii ukumbi ulifurika vijana waliozigundua kanda zake za zamani. Kabla hajamaliza kukaza nyuzi, msichana mmoja akapanda jukwaani, akamfunika mkono wa kushoto kwa leso nyeupe, kama mama za vijana hao walivyokuwa wakifanya enzi zake. Kwa desturi hiyo, mpigaji hodari hakuhitaji kuona nyuzi, wala hakuruhusiwa kuacha mpaka leso idondoke yenyewe.

"Kimbiza, mzee!"

Akakimbiza. Vidole vilikumbuka kila kitu. Ngozi ndiyo iliyosahau. Kwenye wimbo wa pili damu ikaanza kupenya, leso ikanata mkononi na haikudondoka.

"Basi, Shebe, inatosha," mpiga besi akamnong'oneza.

Shebe alikuwa anatabasamu. Ukumbi mzima uliliita jina lake, na mbele ya jukwaa wasichana walikuwa wameshajipanga foleni, kila mmoja na leso yake.