Jina kwa Herufi za Nakshi

Herufi mpya za risasi za kupigia chapa zilifika misheni kutoka Ujerumani. Zilikuwa za mwandiko wa nakshi, kila moja na mkia wa kuishika inayofuata. Padri alizitaka kwa kadi za arusi.

"Zijaribu," alimwambia mpiga chapa wake. "Panga jina lolote."

Mpiga chapa alibaki peke yake dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani hadi kwenye migomba. Aliokota M kubwa, iliyojikunja kama ncha ya mmea wa maboga unaotambaa, kisha w, kisha a. Alipomaliza, alipitisha kidole gumba juu ya risasi ile baridi, polepole, kama anayempapasa mtu shavuni.

Padri alirudi, akainama, akasoma kinyumenyume.

"Mwanahamisi. Ni nani huyu?"

Tangu mpiga chapa abatizwe, mkewe alikuwa amerudi kwao Kinole na dini yake ya Kiislamu, na misheni haikumtaja tena. Angeweza kusema ni jirani.

"Mke wangu, Padri."

"Wewe huna mke. Zipangue herufi hizo."

Mpiga chapa akazipaka wino, akalaza karatasi juu yake, akauvuta mpini wa mtambo kwa nguvu zake zote.