Alama Nyeupe

Kila asubuhi, kabla binti yake hajaenda kazini, mzee aliipindua baiskeli ya binti huyo barazani na kukaza nati zote, hata zile alizozikaza jana. Akimaliza moja, alichovya kijiti kwenye kopo la rangi na kuvuta mstari mdogo mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukikatika, nati imesogea. Hakuwahi kukuta uliokatika, lakini hakuacha kuangalia.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika gurudumu la nyuma redio ilipolitaja jina. Spana ikasimama.

"Mwewe, mwendesha pikipiki aliyeruka mabasi tisa kwa mpigo, alizikwa jana," alisema mtangazaji. Akakumbusha mruko wa mwisho, miaka ishirini na miwili iliyopita: jinsi kikanyagio cha kushoto kilivyochomoka pikipiki ikiwa hewani, jinsi Mwewe alivyoishia kwenye kiti cha magurudumu, na jinsi wachunguzi walivyokuta nati moja haipo. "Uzembe wa fundi," alimalizia, kama anayesoma hali ya hewa.

Mzee alilifunika lile kopo la rangi.

"Watu wa redio wanakuja saa mbili," alisema. "Nimekubali kuomba radhi."

"Radhi ya nini, Baba?"

"Ya nati. Nimechelewa, lakini ndiyo hivyo."

Barabarani muuza magazeti alipita akipiga kengele yake. "Fundi! Umekaza leo?"

Kwa miaka yote hiyo mzee alikuwa akijibu, "Nimekaza, bwana!" na kucheka naye. Leo aliendelea tu kufuta spana yake. Muuza magazeti akageuka mara mbili kumtazama.

Binti alibaki ameshika mkoba. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila siku aliwafundisha watoto wa watu kusema samahani.

Alipokuwa na miaka tisa alibandika picha za Mwewe kwenye kila daftari. Alijitengenezea mabawa ya maboksi na kuruka kutoka kwenye ngazi hadi akachubuka magoti yote mawili. Wenzake walipomuuliza baba yake anafanya kazi gani, alisema, "Anamshikia Mwewe pikipiki." Siku moja, wakiwa mezani, alimwambia: "Baba, ungekuwa Mwewe ningekupenda zaidi." Baba alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaomba chumvi.

Jioni ya ile ajali Baba alifanya jambo ambalo shangazi hakuchoka kulisimulia. Alifua. Mtu ambaye hakuwahi kufua hata leso yake alichuchumaa kwenye karai nyuma ya nyumba, akaifua sketi ya shule ya binti yake, hiyo moja tu, mpaka giza likaingia.

"Kaka yangu amechanganyikiwa," shangazi alisema. "Mwenzake yuko hospitali, yeye anafua!"

Jumatatu sketi ilinuka petroli. Darasani waliziba pua. "Mtoto wa Fundi Hakukaza!" Tangu siku hiyo binti alijifunza kutembea hatua kumi nyuma ya baba yake, na watu walipomtania mzee njiani, yeye aliinama kufunga kamba za viatu. Hata viatu visivyo na kamba.

"Hodi!"

Mwandishi wa redio alikuwa msichana mchangamfu mwenye kinasa sauti kidogo kama kiberiti kikubwa. Alimwamkia mzee, akaketi, akakiweka mezani.

"Babu, usiwe na wasiwasi. Ongea tu kama unavyoongea nyumbani."

"Nyumbani siongei sana," mzee alisema, na msichana akacheka.

Binti aliingia chumbani. Alilitoa kopo la vifungo chini ya kitanda, akaifungua leso iliyokuwa ndani. Vifungo vilimwagika sakafuni, na hakuviokota. Kutoka sebuleni aliisikia sauti ya baba yake, imara kabisa, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake:

"Siku ile, mimi kama fundi, sikukaza..."

"Alikaza!"

Hakujua alifikaje sebuleni. Msichana wa redio alikuwa amefungua mdomo. Binti aliiweka nati mezani, kando ya kinasa sauti. Ilikuwa imeanza kushika kutu, lakini juu yake nusu ya mstari mweupe ilionekana bado.

"Alikaza, akapaka na alama. Hii hapa. Niliifungua mimi siku ile ya mruko, kwa spana yake namba kumi na tatu, alipokwenda kumwita Mwewe. Nilitaka kitu kilichokuwa karibu na mguu wake. Nati zilikuwa mbili. Nilidhani moja ikibaki inatosha. Baba, nisamehe. Umetukanwa miaka yote hii, nami nimeikalia kimya."

Mzee hakuitazama nati. Alinyoosha mkono, akakifunika kinasa sauti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeukinga mshumaa.

"Rangi ilikuwa haijakauka siku ile, mwanangu," alisema. "Ilijaa mfukoni mwa sketi yako. Ndiyo maana niliifua."