Kifaru Kinachovuta Kushoto

Mota za waipa za basi zilishindwa kukigeuza kifaru cha kivita cha rimoti alichokiunda Fundi Mshamu, kikubwa kama mbuzi. Minyororo yake ilikuwa mizito mno. Zilibaki mota za kiti cha magurudumu cha umeme cha marehemu mkewe, Zaituni. Akazitazama sana, kisha akazifunga.

Kifaru kikapata nguvu, lakini kikawa kinavuta kushoto. Akakaza minyororo, akabadilisha gia, wapi! Kikapinda mpaka mlangoni kwa jirani, Bi Rukia.

“Si mimi, mume wangu, kiti ndicho kinachonivuta,” Zaituni alikuwa akijitetea kila alipokutwa huko akipiga soga, na Mshamu hakumwamini hata siku moja.

Mlango ukafunguka. Bi Rukia akakiangalia kifaru, akasogeza kigoda chake pembeni kukipisha, kama zamani.