Aya ya Pili Haina Ushahidi

Aya ya pili ya insha ya Jacques ilirudi kutoka kijiji cha Miti kwa mara ya tatu, imekunjwa mara nne mfukoni mwa dereva wa pikipiki. Pembeni, mama yake mzazi alikuwa ameandika neno moja tu la Kifaransa, kudai ushahidi: *Preuve?*

"Tumekwisha," Jacques akasema. "Na dimanche, Jumapili ya hukumu, ni kesho kutwa!"

Nyumba yake ya Kadutu ilikuwa imejaa kama kawaida: watu kumi na mmoja kwa viti sita, wengine juu ya magunia ya makaa, na jirani Donatien mlangoni, bado anahema kwa zile ngazi tisini za kupanda kutoka barabarani. Habari kila mtu aliijua. Mvua ilibomoa jiko la Mama Cibalonza kule Miti, na kwa miaka yake themanini na miwili hawezi tena kuishi peke yake. Watoto anao wawili, Jacques, na Rosette wa Muhumba, mtaa wa wenye nazo. Mama mwingine angeita kikao cha jamaa. Yeye alifundisha insha miaka arobaini, basi akawapa wote wawili kichwa kimoja: *Nihamie kwa nani, na kwa nini?* Utangulizi, aya tatu za mwili, hitimisho. Mwenye hoja za nguvu ndiye atakayesikilizwa.

Jacques usingizi ulimpotea wiki nzima. Alishamwambia mkewe Marcelline: Rosette akitushinda, mimi nimekufa.

"Rudilia maji," Marcelline akasema. "Andika: mu ile nyumba robine haikauki."

Alikuwa ameketi juu ya bidoni tupu ya maji. Bomba la kwao lilikauka tangu Pasaka.

"Preuve?" Donatien akauliza, akiigiza sauti ya mama mkwe wa Marcelline.

"Preuve ni mie! Nilioga mara mbili siku moja, na hakuna mutu alinigombeza."

Jacques akaandika, jina la shahidi na tarehe.

"Sasa kimya!" Alilazimika kupaza sauti, maana baa ya ukuta kwa ukuta ilifungua muziki tangu saa nane mchana. "Nani iko na mufano wa kimya?"

"Mimi," Donatien akajibu. "Siku ya batizo kule nilisinzia kwa kiti mpaka nikaota ndoto. Na ndoto nikaimaliza!"

"Hiyo ni preuve ya nguvu. Na ngazi?"

"Hakuna ata moja." Donatien akajifuta jasho shingoni. "Andika vile vile. Mi nilifika na hii miguu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja juu ya makaa akaitikia amina.

Aya ya tatu ilikuwa na masharti yake: utaje hoja ya mpinzani, halafu uivunje. Marcelline akafikiri mpaka akafumba macho.

"Mupinzani atasema: nyumba ni kubwa, batu ni kidogo, mama atakufa na upweke."

Watu kumi na mmoja wakasogeleana ili Donatien, wa kumi na mbili, apate pa kukaa.

"Jibu," Jacques akasema. "Muzee anatafuta kupumuzika. Hatafuti fujo ya batu."

"Ni kweli ile," Donatien akadakia. "Noeli, muzee alipokuja kututembelea, kila habari tulileta hapa alituuliza preuve. Ile ya fundi na jirani yake ilikufia katikati. Mpaka leo hatujue mwisho yake!"

Nyumba nzima ikahuzunika kidogo.

"Usiandike ile, papa," Marcelline akamwambia mumewe haraka.

"Niko mujinga?"

Jumamosi asubuhi pikipiki ikaondoka na insha, kurasa nne, mashahidi saba. Marcelline akawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, akakataa kusema ameomba nini.

Jumapili baada ya misa wakapanda kwenda Miti. Rosette alikuwa ameshafika na watu wake, nguo ya misa mwilini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dada na kaka wakasalimiana bila kutazamana, wakasimama bega kwa bega kama wanafunzi wawili.

Mama alikuwa amekaa uani juu ya valise yake, imefungwa kamba tayari, godoro limeviringishwa kando. Akasoma upya kurasa zote, moja moja, midomo ikicheza. Kisha akavua miwani.

"Jacques, dix-sept juu ya vingt, kumi na saba kwa ishirini. Preuves zimekamilika, umenishawishi kabisa: nihamie kwa Rosette." Akamgeukia binti yake. "Rosette, na wewe dix-sept. Umenishawishi kabisa: nihamie kwa Jacques."