Mabuti ya Dada

Jirani anadai Mbiombio alimtoa muuza viatu jasho: alivaa buti jipya, akatumbukiza mguu kwenye beseni la maji mbele za watu. Jirani hutia chumvi, lakini hilo ni kweli.

"Maji hayaingii, na jasho linatoka," muuzaji alisema. "Mguu unapumua, mama. Sasa naomba beseni langu."

Mbiombio alivua buti, kisha soksi alizovaa moja juu ya nyingine ili mguu wake ujae kama wa dada yake. Akapapasa vidole. Vikavu.

Kabla ya hapo, yeye na dada walipopanda mlima pamoja, viatu vya dada vilijaa maji, akaomba wapumzike. Mbiombio alimwacha amekaa kwenye jiwe, akaenda kileleni peke yake. Tangu siku hiyo dada hajamsemesha.

Sasa amesimama mlangoni kwa dada, mabuti ameyakumbatia kama mtoto mchanga. Ndani, redio imezimwa.

"Dada, ni mimi. Yajaribu tu. Safari hii nitafuata mwendo wako."

Kwenye uwazi chini ya mlango anaona vidole vya miguu ya dada, pekupeku, karibu kabisa.

"Nifungulie, dada."

Vidole vinajikunja, kisha vinatulia.