Ubao wa Zahanati

Wakati wa korona, Nesi Tunu aliandika idadi ya wagonjwa kila asubuhi kwenye ubao wa zahanati, na mji ukajifungia ndani. Sasa, kiwanda cha ngozi kilipoanza kumwaga maji machafu mtoni, aliandika: "Wenye vidonda vya mto: watoto 19."

Mtendaji wa kata akaja mbio. "Dada, kiwanda hakifungwi kwa chaki."

"Shule zilifungwa kwa chaki hii hii, mheshimiwa. Hata baa yako."

Foleni ya wagonjwa ikacheka. Mtendaji akafuta kwa kiganja. "Andika tena uone kama una kazi."

Tunu akaandika tena. Mtendaji alipoinua mkono, mama mmoja akasimama mbele ya ubao, akafungua kanga aliyombebea mwanawe, akamwonyesha miguu ya mtoto yenye vidonda. Nyuma yake wengine wakaanza kufungua zao.