Barolo ya Achille

Kosa ni langu: nilitia soda ya Coca kwenye divai ya marehemu.

Sisi Wakongo tuliohamia huku South Beach tunafanya hivyo siku zote. "Divai nyekundu bila Coca ni dawa ya minyoo!" nilisema pale matangani, nikimimina chupa nzima ya divai kwenye jagi la Coca. Watu wakacheka kidogo. Ndicho nilichotaka, maana walikuwa wamelia tangu asubuhi.

Ndipo mke wa marehemu Achille akatoka chumbani na glasi mbili, moja ya kuweka mbele ya picha ya mumewe.

"Shemeji, ile divai yetu ya Barolo iko wapi?"

Nikaonyesha jagi. Povu lilikuwa bado linapanda.

"Achille aliitoa kazini, kwenye mkahawa wa wale Waitaliano," akasema polepole. "Tungeinywa Krismasi. Alisema kwanza itakukausha ulimi kama chai kali, halafu utasikia harufu ya waridi, na hutataka kumeza."

Akainamisha ile chupa tupu juu ya kiganja. Likatoka tone moja, jekundu kama tofali. Akalilamba, akafumba macho, akafunga mdomo.

"Shemeji," nikamwomba, "nitukane basi, hata neno moja."